Watahini Watatu

"Futa," alisema Profesa Mwansa. "Anza tena. Sasa gharama za njia zingine ziko chini ya sifuri."

Mounira akafuta ubao, vumbi la chaki likamwingia kooni. Mama yule, mtahini mgeni, mzaliwa wa Kasenga aliyefundisha Kinshasa, alikuwa amembana tangu asubuhi kwa maswali kuhusu jinsi kompyuta inavyotafuta njia fupi kwenye mtandao. Kila alilojibu lilizaa swali gumu zaidi. Mtahini wa pili, mzee mpole, aliandika tu. Wa tatu, Profesa Floribert, msimamizi wake mwenyewe, alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayemwombea.

Mtihani wa kufuzu haukuwa na maksi. Watahini watatu walijifungia na kupiga kura. Mmoja akikataa, mtahiniwa ameanguka, na anayeanguka mara ya pili hupoteza nafasi ya shahada ya udaktari. Mounira alikwisha kuanguka mwaka uliopita. Aliambiwa mtahini mgeni wa safari ile alikuwa mkali.

Akaanza upya. Alionyesha mahali ambapo njia ya kawaida inakosea, akajenga nyingine kwa utulivu mpaka ubao ukajaa. Profesa Mwansa aliutazama kwa muda mrefu bila kutabasamu, kisha akamwambia atoke nje.

Kwenye baraza alimfikiria baba yake, Hassani, fundi cherehani, ambaye tayari alikuwa akiwatangazia wateja kwamba mwaka huu binti yake anakwenda Ubelgiji kuandika tasnifu. Alimfikiria pia Profesa Floribert, ambaye alimchukua wakati hakuna aliyetaka msaidizi wa kike. Kwa hiyo hakuona vibaya kufundisha masomo yote ya profesa huyo, kusahihisha mitihani yake nyumbani kwake Karavia, wala kuandika makala ambazo jina la profesa lilitangulia. Alijiona ana deni la shukrani.

Mlango ukafunguliwa. Profesa Floribert alitoka peke yake, macho mekundu, akamshika mikono yote miwili.

"Nilipigana, mama," alisema. "Lakini ule mugeni, hapana. Iko na roho nguvu sana."

Mounira alilia begani kwake bila kuona haya, akamshukuru. Naye alimtuliza taratibu, akamwambia kazi yake ya usaidizi ipo palepale, hakuna wa kumgusa. Jumatatu aendelee na darasa la mwaka wa pili, maana yeye atakuwa safarini.

Langoni alimkuta Profesa Mwansa akingoja gari. Alikusudia kumpita bila salamu, na alikuwa amekwisha kugeuza uso alipoitwa kwa jina. Mama yule alimwomba radhi kwa kumtesa vile. Alisema mtu akiwa hodari, yeye hutaka kujua ukomo wake uko wapi, na wa Mounira hakuuona.

Mounira alimuuliza kwa uchungu: kama ni hivyo, kwa nini alimwangusha?

Profesa Mwansa alimtazama kana kwamba hakusikia vizuri.

"Siye babili, mimi na ule muzee, tulikupitisha," alisema. "Ni prof wako ndiye nilimubembeleza mpaka nikachoka."