Mtu wa Ng'ambo ya Reli

Godoro lilikwisha pandishwa garini na kufungwa kamba, kabati limelazwa chali kama mgonjwa, na dereva alikuwa amepiga honi mara mbili. Aliyekuwa akihamishwa ndiye hakutoka. Alikaa ukumbini juu ya ndoo iliyopinduliwa, chini ya kengele.

"Mama, twende," binti yake alisema. "Nyumba inabomolewa kesho, si mwakani."

"Kesho kengele italia. Nani ataijibu?"

"Tingatinga litaijibu."

Mama hakucheka.

Kengele ile iliwekwa na mpangaji wa chumba cha juu, mzee ambaye mtaa ulimwita Cheche. Ndiye aliyekuwa wa kwanza mjini kuunda taa inayojiwasha giza likiingia. Wakubwa wa kampuni walikuja na tai zao, wakabeba michoro yake, wakaacha shukrani nyingi. Taa zikatapakaa kila barabara. Jina lake halikuonekana hata kwenye kasha. Alikula amevaa glavu za mpira, hakumpa mtu mkono, na kila balbu iliyoungua aliizika uani. Aliyekufanyia kazi, alisema, humtupi jalalani. Watu walimcheka, naye aliwaacha wacheke.

Mume wa mama alipofariki, mama alilala wiki tatu uso ukutani. Chai waliyomletea majirani ilipoa, ikamwagwa. Ndipo asubuhi moja Cheche akabisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mama, nina shida," alisema, amesimama nje ya kizingiti. "Ng'ambo ya reli kuna mtu. Hana wa kumwuliza ameamkaje. Nimemvutia waya. Kila asubuhi atapiga kengele, na anachotaka ni kujibiwa tu, ajue kuna mtu upande wa pili. Vidole vyangu vimeanza kutetemeka. Nibonyezee kitufe wewe."

"Watu wote hawa, umeniona mimi?"

"Wewe ndiye unayeshinda nyumbani."

"Na nisipomjibu?"

"Ataendelea kupiga. Hajui kukata tamaa yule."

Kesho yake, saa mbili na nusu, kengele ikalia mara tatu. Ikanyamaza, ikalia tena. Mama alijizoazoa kitandani, akaburuta miguu hadi ukumbini, akabonyeza. Kimya. Siku ya pili alinawa uso kwanza, maana huwezi kumjibu mtu una matongo machoni. Wiki haikuisha, alikuwa amefagia ukumbi. Mwezi haukuisha, jiko lilikuwa linawaka.

Cheche alikufa mwaka uliofuata. Walimzika watu wanne, wa nne akiwa dereva wa gari lililomleta.

Mama akaendelea kubonyeza miaka kumi na mmoja. Hakulala kwa binti yake hata usiku mmoja. Wajukuu walimjua kwa picha. Akipata homa, alijikokota. Mara moja alichelewa dukani, akakuta kengele inalia, inanyamaza, inalia. "Maskini," alisema, akikimbilia kitufe na kikapu mkononi. "Nimemtia hofu."

Sasa nyumba ilikuwa inapisha barabara. Fundi wa umeme alikuja kukata nyaya, mtu wa makamo, mkimya, na ngazi begani. Mama akamshika mkono wa shati.

"Mwanangu, ufuate waya huu mpaka mwisho wake. Mwambie huyo mtu sikufa, nahama tu. Asije akapiga kesho, akapiga, akapiga, halafu moyo ukamsimama. Usipokwenda, sitoki. Nibomoleeni humu humu."

"Fundi, utusamehe," binti alisema. "Ni mambo ya uzee."

"Waya ni waya," fundi alijibu. "Hata hivyo lazima niufuate." Akapanda darini.

Walingoja. Dereva alizima injini, akasinzia. Binti alipochoka kusimama, akakaa sakafuni karibu na miguu ya mama yake.

"Anafananaje huyo mtu wako?"

"Sijui hata kama ni mwanamume. Ila ana utaratibu. Hajachelewa hata dakika moja, mvua, jua."

Fundi alirudi baada ya muda mrefu, utando wa buibui umemganda kichwani. Aliomba maji. Alipomaliza glasi, akaishika tu.

"Nimemwona," alisema.

"Umemwona kweli? Ni nani?"

"Ni mama mtu mzima. Umri kama wako."

"Hajambo?"

Fundi alimtazama. "Zamani alikuwa na hali mbaya sana. Sasa ni mzima. Anasema usiwe na wasiwasi, kesho hatapiga. Naye anahama, anakwenda kwa binti yake."

"Kwa binti yake!" Mama alipiga makofi. "Kumbe anaye! Mbona Cheche alisema hana mtu?"

"Labda alikuwa amemsahau."

"Hakuna anayemsahau mwanawe, wewe," mama alisema, akainuka, akaomba mkoba wake.

Walipovuka reli alimwomba dereva apunguze mwendo. Alizitazama nyumba za upande ule, moja baada ya nyingine. Hakujua achague ipi, akazipungia mkono zote.

Nyumba ilibomolewa kesho yake. Mama aliishi kwa binti yake miaka sita, akalea wajukuu wawili, akafariki usingizini. Dereva aliuza gari, akafungua duka la mbao. Kampuni imeweka taa ya kwanza ya Cheche kwenye kabati la kioo pale mapokezi, na kibao chake hakina jina. Fundi alistaafu. Sebuleni kwake kuna kisanduku alichokishusha kutoka darini siku ile. Ndani mna saa, betri, na waya wote wa ile kengele, ambao ukiunyoosha sakafuni una urefu wa hatua tatu.