Pini ya Fedha

Mfalme aliichomoa pini ya fedha kwenye nywele za Ruolan, akaichomeka kwenye nywele za Suyin, mke mpya.

"Kuanzia leo chai yangu ataionja Suyin."

Ruolan aliona wivu. Miaka yote yeye ndiye aliyeichovya pini ile kikombeni kabla ya kuonja, maana fedha hubadilika rangi ikigusa sumu. Suyin alidhani amepewa pambo. Akaipapasa kwa maringo, akakitwaa kikombe.

Mvuke wa chai ulimfikia Ruolan. Harufu yake haikuwa ile ya kila siku.

"Dada, mbona unanikodolea macho?" Suyin aliuliza.

Ruolan aliitazama ile pini.

"Imekupendeza," alisema.

Kikombe kikapanda taratibu kuelekea midomoni, na juu yake pini ikang'aa, kavu, nyeupe pe.