Mlango wa Jitu la Chuma

"Mkanyage! Mkanyage!" uwanja mzima ulipiga kelele.

Sikudhani, aliyeketi ndani ya kichwa cha jitu lake la chuma, hakuhisi chochote. Chini yake jitu la mpinzani lilikuwa limelala chali, na sheria ya uwanja ilijulikana: mshindi asiyeua huuawa.

Sauti ya mpinzani ikatoka redioni. "Dada, mlango wangu umekwama. Ukikanyaga, kanyaga mara moja tu."

"Unaitwa nani?" Hakuwahi kumuuliza mpinzani yeyote jina.

"Masumbuko."

Sikudhani akalipigisha jitu lake magoti, akaubandua ule mlango kwa vidole vya chuma, taratibu, kama anayemenya yai. Kelele zikakatika. Mizinga ya ukutani ikaanza kumgeukia. Hakuitazama. Aliutazama mkono mwembamba uliochomoza mlangoni, ukipapasa hewa.