Alama za Kujipa

Fomu ilimtaka kila mwanafunzi wa uzamili wa mifumo ya taarifa za afya ajipe mwenyewe alama za ujuzi, moja hadi tano. Bi Zaituni, muuguzi mwenye uzoefu wa miaka ishirini, akajipa mbili kila mahali. Kwao kujipigia debe ni utovu wa adabu. Shaweji, fundi wa kompyuta, akajipa tano hata kwenye kuhudumia wagonjwa.

"Umewahi kuingia wodini, mwanangu?"

"Kumwona shangazi, mama."

Wakacheka wote. Kisha mwalimu akatangaza: Shaweji ataongoza mradi kwenye wodi ya Bi Zaituni, naye Bi Zaituni aanze kozi ya msingi.

"Mwalimu, mfumo wa majaribio wa Shaweji jana ulimpangia babu mmoja kliniki ya wajawazito!"

"Alama umejipa mwenyewe, mama."

Bi Zaituni akaomba fomu yake abadilishe alama. Mwalimu alikuwa ameshazitia zote kwenye bahasha, analamba gundi taratibu.