Kaa Moja la Moto

Mvua ya Uskoti ilikuwa imezima mienge ya watu wa kabaila, ndiyo maana wakapiga hodi kwa Beathag.

"Mama mdogo, nisaidie kaa moja tu la moto," mpwa wake alisema, akikwepa macho yake. Nyuma yake wanaume watatu walingoja kuchoma paa la nyumba yake, ili bonde libaki la kondoo wa bwana wao.

Katika bonde lile, tangu mababu, hakuna aliyenyimwa moto akija kuuomba.

Beathag akayatazama meko. Moto ule aliukuta kwa mama mkwe wake, naye aliukuta kwa mkwewe. Kila usiku ulifukiwa majivuni, kila alfajiri ukaamshwa. Haukuwahi kufa.

"Unichomee nyumba kwa moto wangu? Huna haya, wewe niliyekulea?"

"Nimetumwa tu, mama."

Akanyanyua bakuli la maziwa, chakula pekee walichobakiwa nacho wanawe, akayamwaga yote mekoni. Nyumba ikajaa moshi na harufu ya maziwa yaliyoungua.

"Haya, ingia uchukue!"

Kijana akakohoa, akafuta macho, akawageukia wenzake.

"Twendeni kwa mama yangu mzazi," alisema. "Yeye hawezi kuninyima."