Fuawe la Mkama

Mwaka 1953 walimu wa historia walipelekwa Bweranyange kujionea yalikokuwa makao ya wafalme wa Karagwe. Byabato, aliyefundisha habari za wafalme hao miaka kumi kwa kitabu, alifika hoi, akakalia chuma kizito kilichosimikwa ardhini.

Bibi mtunza mahali hapo alikuja, akapiga magoti mbele yake, akainamisha kichwa.

Byabato akavimba kichwa. "Inuka, bibi. Mimi ni mwalimu tu."

"Sikukupigia magoti wewe, mwanangu. Nampigia Mkama, mfalme wetu. Umekalia fuawe lake, chuma cha kufulia vyuma, alama ya ufalme wake."

Kalamu za wenzake zikatulia. Byabato akanyanyuka kama aliyekalia siafu, kutu imemchafua matakoni mwa kaptula nyeupe.

Alitaka kusema shikamoo, akachelewa. Bibi alikuwa ameshashika upindo wa nguo yake, anapangusa pale alipokalia.