Vidude vya Kuoshea Taa

"Fyuzi zote nzima," sauti ya fundi bomba ilitoka chini ya boneti. "Pampu ya kuoshea kioo cha mbele nayo nzima. Pampu ya taa ndiyo sijaiona bado, mzee."

"Itafute," alijibu mzee kutoka nyuma ya gazeti.

Dirishani jikoni, binti wa mzee alikuwa akiosha kikombe kilekile kwa mara ya tatu. Alimpenda fundi bomba huyu kuliko alivyowahi kumpenda mtu, na baba yake alikuwa ameshatoa sharti asubuhi: "Kwanza nitengenezee vidude vya kuoshea taa. Ukimaliza njoo uniambie, ndipo nikupe jibu la posa."

Sharti hilohilo aliwahi kuwapa wengine watatu.

Gari lenyewe lilikuwa zee kiasi cha kuamkiwa shikamoo. Mzee, fundi viatu aliyestaafu, alilipenda kupita kiasi. Kioo cha pembeni kilipong'oka, alikibandika kwa gundi. Kitasa cha mlango, gundi. Ndani ya nyumba ile, kitu pekee ambacho hakijawahi kubandikwa kilikuwa mkewe, na hiyo ni kwa sababu hakutulia mahali pamoja.

Juu ya bampa, chini ya kila taa, kulikuwa na kidude cheusi chenye tundu, cha kurusha maji taa ikichafuka. Binti hakukumbuka kuviona utotoni, lakini ni mtoto gani anayetazama taa? Alichojua ni kwamba havikuwahi kutema hata tone.

Wa kwanza alikuwa karani wa bima. Alifungua boneti, akaifunga, akasema fyuzi ilikuwa imeungua na ameshaibadilisha. Kesho maji yatatoka. Wa pili, mwuza simu, alijipaka grisi mashavuni akadai pampu ilikuwa imekwama, sasa iko kama mpya. Wa tatu alisema tatizo lilikuwa kompyuta ya gari, na gari lile halikuwa na hata redio. Kila mara mzee aliitikia kwa adabu, akamsindikiza mgeni hadi getini, akarudi na neno moja tu: "Mwongo." Binti naye alijifungia chumbani akalia, akilitukana gari lile kimoyomoyo.

Huyu wa nne ndiye aliyejua magari kidogo kuliko wote. Kazi yake ilikuwa masinki na vyoo.

Sasa alikuwa amelala chali chini ya bampa. Alitoka taratibu, akavitazama vile vidude, akamtazama mzee, akavitazama tena.

"Mzee, samahani. Hivi wewe mwenyewe uliwahi kuviona vikirusha maji?"

Gazeti halikutikisika. "Umeshindwa, kijana? Sema tu."

"Sijashindwa."

Alipita jikoni kuomba maji ya kunywa. Binti alimvuta shati.

"Kuna nini?"

"Kuna bomba moja halikufika."

"Basi mwambie lilioza, umelibadilisha! Mwambie chochote, bwana, mradi aridhike!"

Fundi bomba alimshangaa. "Mimi nikisema bomba limepona, mwenye nyumba anafungua koki hapohapo, nikiwa bado nimesimama. Nitaanzaje kusema uongo?"

Alikunywa maji, akaenda kuchukua mfuko wake wa kazi. Binti alimwona akitoa mpira mwembamba, kiungo cha njia tatu, na mwisho keekee. Keekee ya nini? Punde ikaanza kulia uvunguni, kru, kru, kru.

"Mama! Anatoboa gari la baba!"

Mama yake alichungulia, akaziba mdomo kwa kanga, mabega yakimtikisika. "Mwache," alisema, akaondoka haraka. Uani, mzee alikuwa amesinzia, gazeti kifuani, hana habari.

Alasiri fundi bomba alisimama, akajipangusa mikono.

"Tayari, mzee."

Mzee alifumbua macho. Akakunja gazeti polepole, uso umemshuka kama mtu aliyetarajia jambo jema akalikosa. Binti aliuona uso ule, akajua mwisho wake ni getini. Machozi yalianza kumlenga.

"Tayari? Yaani vimepona?"

"Vinafanya kazi."

"Hivi hivi vya kwangu?"

"Hivyo hivyo."

Mzee alipumua kwa nguvu, akasogea mbele ya gari, mikono kiunoni. "Haya. Ulikuta vina shida gani?"

Kijana alitazama viatu vyake. "Kazi ndogo tu, mzee. Nisingependa kukuchosha na maelezo. Naomba usogee pembeni kidogo."

"Nisogee pembeni kwa nini?" Mzee akacheka, cheko kavu. "Wewe washa tu, tumalize."

Fundi bomba aliingia garini, akavuta kishikio cha kuoshea kioo.

Kwanza vilikoroma. Kisha maji yakachomoka kulia na kushoto, yakaosha taa, na yaliyozidi yakampata mzee tumboni, kifuani, hadi kwenye miwani. Kikombe kilimponyoka binti, kikavunjika.

Mzee hakuruka. Alibaki pale akichuruzika, macho yamemtoka pima. Akainama, akakigusa kidude kimoja kwa ncha ya kidole kana kwamba kingemng'ata. Akakinusa kidole. Kisha akainua kichwa, akapaza sauti mpaka majirani wakatoka:

"Mama watoto! Acha kila kitu uje umwone mkwe wetu! Vile vidude nilivyookota jalalani nikavibandika kwa gundi, vinatema maji!"